Branchi ya Kikorea na Kimarekani pale Koreatown, Los Angeles: we agiza wali, mambo ya picha waachie wenyewe

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asome aondoke (branchi ndo ule mlo wa kuunganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana). Wali wa kukaanga na kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa na pilipili, agiza macho yamefumba. Kuku na wafo (ile keki bapa yenye vishimo vya mraba), agiza ila mgawane. Mayai ya benedikti na nyama ya galbi, yaani mbavu za ng'ombe za Kikorea, hapo pana mjadala, subiri. Ile tosti ya unga wa soya ambayo kila meza inaipiga picha, pita mbali. Kahawa tamu, bei kali. Na kimchi ya pembeni wanauza. Ndio, WANAUZA, dola 4, na hilo ntalirudia huko chini manake halijanitoka rohoni mpaka saivi.

Jina la mahali silitaji. Kuna vitu ntavisema ambavyo sio vya kumwanika mtu na biashara yake ndogo, halafu kiukweli vimgahawa vya staili hii Koreatown, ule mtaa wa Wakorea, viko kibao na menyu zao zinafanana fanana, kwa hiyo haya yatakufaa popote utakapokaa ukakuta kimchi na mayai kwenye karatasi moja.

Kenyewe kako kwenye yale majengo mafupi ya LA, maduka matano sita yamepangwa mstari mmoja na parking kiduchu mbele, huku dobi, huku fundi simu, mabango ni Kikorea na Kispanishi tu, ukipita na gari hukaoni. Ndani meza hazifiki kumi, kaunta fupi ya watu wanaokula peke yao, jiko liko wazi unaona kila kinachoendelea, na dirishani ile kadi ya herufi A ya idara ya afya ya kaunti, alama ya juu ya usafi, imebandikwa pale inapotakiwa. Suala la gari sahau, parking ya Koreatown ni vita, utazunguka mpaka njaa ikuishe, au uwape wale vijana wa kupaki gari hela ambayo ingekununulia kahawa. Sisi tulipanda treni, mstari wa D, unashuka Wilshire/Western, nauli dola 1.75, unatembea kidogo umefika, na unatembea kwenye mtaa wenye uhai wake, sio kama sehemu nyingi za huu mji ambako ukitembea kwa miguu watu wanakushangaa.

Hawapokei booking. Unafika mlangoni kuna tableti, unaandika jina na namba ya simu na idadi yenu, unasubiri meseji. Jumamosi saa tano asubuhi foleni ilikuwa ya maana, kama dakika arobaini na zaidi, na hakuna benchi, mnasimama tu kwenye parking mkiwapisha watu wanaorudisha gari nyuma. Hii ni kero na sioni kwa nini wasiweke hata viti vinne vya plastiki. Shemeji alikuwa na mimba ya miezi kadhaa, ikabidi akakae kwa dobi. Dobi mwenyewe kamkaribisha vizuri kuliko mgahawa, Mungu ambariki.

Tulikuwa watatu, mi, shemeji na jamaa yangu wa kazini ambaye anakula chochote kinachokaa kwenye sahani.

Sasa kabla ya chakula niseme kitu kimoja ambacho ndo kipimo changu. Branchi ya Kimarekani kama ilivyo ni mafuta juu ya mafuta. Siagi, mayai, krimu, bekoni, jibini, shira ya mti wa mepo, halafu viazi vya kukaanga pembeni ili usijisikie mpweke. Matonge matano ya kwanza ni raha, ukifika nusu sahani umechoka, unaanza kusukumasukuma na uma. Kinachokosekana pale ni ukali, uchachu, kitu cha kusafisha mdomo ili upate hamu ya tonge linalofuata. Na jiko la Kikorea ndo limejaa hivyo vitu, kimchi, figili za siki, pilipili, vitunguu vibichi, ufuta. Kwa hiyo hizi jamii mbili zikikutana kwenye sahani moja zinatakiwa zisaidiane, Mmarekani alete utamu na mafuta, Mkorea alete uchachu na moto. Ikiwa hivyo unakula mpaka mwisho. Ila pale ambapo kitu cha Kikorea kimewekwa juu kama pambo tu, sijui kaunga kidogo, sijui katone ka sosi nyekundu kwa ajili ya rangi, unakuwa umelipa dola za ziada kwa jina. Kila sahani iliyokuja mezani niliipima hivyo, na ndo maana alama zangu ziko juu na chini kama pandashuka.

WALI. Dola 19. Unakuja kwenye kikaango kidogo cha chuma cheusi, kimetoka motoni sasa hivi, unachemka pembeni, dada mhudumu anakwambia usiguse mkono. Juu kuna yai la kukaanga, kingo zimekuwa za kahawia na zinakwaruza, kiini bado kinacheza. Mwani mkavu umekatwa kama nyuzi, ufuta, vitunguu vya majani. Usile hapohapo. Uache utulie dakika mbili tatu ndo upasue kiini uchanganye, kwa sababu kule chini kwenye chuma kuna kazi inaendelea, wali unakamata na unakuwa ukoko, aisee, ukoko wenyewe umelowa siagi na juisi ya kimchi, mwekundu, unavunjika kwa sauti. Mi na jamaa yangu tuligombania ule wa pembeni kabisa kwa vijiko kama watoto na hatukuona haya.

Siri ya wali huu ni kimchi iliyozeeka. Kimchi changa, ile iliyotengenezwa juzi, ukiipika inakuwa kabichi yenye pilipili basi. Ile iliyokaa wiki kadhaa inaendelea kuchachuka hata ikiwa ndani ya friji, uchachu unazidi na majani yanalainika, hiyo ndo Wakorea wanaiweka kwa ajili ya kupikia, wali na mchuzi na chapati za kimchi. Na wali unatakiwa uwe wa jana, uliokauka kidogo, ule uliopikwa sasa hivi wa moto unakuwa uji. Hapa walijua vyote viwili. Halafu siagi badala ya mafuta ya kawaida, huo ndo mkono wa Kimarekani pale ndani, na unakaa vizuri kabisa kwa sababu uchachu unaikata. Hamna pambo kwenye ile sahani, kila kitu kina kazi.

Ila kuwa makini, wali wa kawaida unakuja na Spam ndani, ile nyama ya nguruwe ya kopo, vipande vidogo vya mraba vimekaangwa vikali. Ukitaka bila Spam useme mapema. Watu wanaicheka Spam, hasa Wamarekani wenyewe, wanaiona chakula cha shida, wakati kwa Wakorea ina heshima yake. Kampuni ya Kimarekani ya Hormel waliianzisha mwaka 1937, ikaingia Korea na wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya 1950 mpaka 1953, nyama ilikuwa adimu, kile kilichotoka kambini kikaingia kwenye sufuria za watu pamoja na soseji na maharage ya kopo, ndo ukazaliwa ule mchuzi wa kambi ambao mpaka leo unauzwa Koreatown nzima. Na sikukuu ya mavuno kule Korea watu wanapeana maboksi ya Spam yamefungwa vizuri kama zawadi, wala sio utani. Kwa hiyo ukiona Spam kwenye menyu ya branchi ya aina hii usidhani mpishi kabania nyama. Hicho ndo chakula cha Kikorea na Kimarekani cha zamani kuliko hivi vyote, kabla hata mtu hajafikiria kukiuza dola 19.

KUKU NA WAFO. Dola 22, vipande vinne, wafo moja kubwa. Los Angeles ina jina lake kwenye hili jambo, mgahawa wa Roscoe's wanauza kuku na wafo tangu 1975, kwa hiyo ukiweka hiyo sahani kwenye menyu hapa umejitakia mwenyewe kulinganishwa. Hawa wameamua kwenda njia nyingine kabisa. Kuku wa Kikorea anakaangwa mara mbili, mara ya kwanza taratibu aive, anatolewa anapumzika, halafu anarudi kwenye mafuta ya moto mkali ili maji yaliyobaki kwenye ngozi yatoke, na unga wake una wanga wa viazi badala ya ngano tupu. Kinachotoka ni ganda jembamba kama gamba la yai, linalia ukiling'ata, na hata ukilipaka sosi linabaki kavu muda mrefu. Hapo ndo kuku wengi wa Kimarekani wenye unga mnene wanaposhindwa, shira ikigusa tu wanalegea.

Sosi ni gochujangi, lile rojo la pilipili na mchele na soya iliyochachushwa, wamelichanganya na kitunguu saumu na badala ya sukari wakatumia shira ya mepo. Akili! Manake shira ya mepo tayari ni ya wafo, kwa hiyo kuku na wafo wanaongea lugha moja. Pembeni wanakupa kibakuli cha figili nyeupe za siki zimekatwa vidonge vya mraba, baridi kabisa kutoka kwenye friji, hizo usiziache, kula kuku, kula wafo, tupia figili moja, unaanza upya. Lawama yangu ni wafo yenyewe, ilikuwa laini sana katikati, nadhani wanazipika mapema wanazipasha, foleni ikiwa kubwa inaeleweka lakini kwa bei hiyo nataka ya sasa hivi. Na kuku mmoja kati ya wale wanne alikuwa paja dogo mno, sijui alikuwa anaishi wapi huyo kuku.

Sasa tuje kwenye BENEDIKTI ya galbi, dola 26, ndo sahani ghali kuliko zote na ndo wameiweka juu kabisa ya menyu na nyota. Chini mkate laini wa siagi wa Kimarekani umepasuliwa, juu yake nyama ya galbi, juu yake mayai mawili yaliyochemshwa nje ya ganda, juu yake sosi ya holandezi iliyotiwa gochujangi mpaka ikawa rangi ya chungwa.

Nyama pekee yake, mashaallah. Ile ya mkato wa LA kabisa, mbavu zimekatwa kwa kuvuka mfupa, nyembamba, kila ukanda una vile viduara vitatu vya mfupa pembeni, mkato ambao dunia nzima ya Wakorea wanauita kwa jina la huu mji. Ilikuwa imelala kwenye soya na sukari na kitunguu saumu na tunda la pea lililosagwa, hilo tunda ndo linalainisha nyama, na imechomwa mpaka sukari ikaungua kidogo kingoni. Kama wangeniletea ile nyama na wali mweupe na majani ya saladi ya kufungia ningekaa kimya nikala nikalipa.

Lakini wameiweka chini ya mlima. Holandezi ni viini vya mayai na siagi. Juu ya viini vingine vya mayai. Juu ya nyama ya mbavu yenye mafuta yake. Juu ya mkate wa siagi. Na nyama ni tamu, na gochujangi ni tamu, na waliongeza asali juu, sijui nani aliwaambia. Limau kwenye ile sosi hulisikii. Hakuna kichachu hata kimoja kwenye sahani nzima, hamna figili, hamna kimchi, hamna hata tango. Halafu kula kwenyewe ni shughuli, mifupa imo ndani ya nyama, nyama imo chini ya yai, unakata na kisu unagonga mfupa, kiini kinamwagika, mkate unakimbia, jamaa yangu mwisho akaacha uma akashika kwa mikono, shati likapata yake. Nikasema hii sahani imetungwa na mtu anayeiangalia, sio anayeikula. Watoe mifupa, waweke kimchi kidogo iliyokatwakatwa kati ya nyama na yai, wafute asali, itakuwa sahani bora ya nyumba. Saivi ni nyama nzuri iliyopotelea kwenye siagi.

Tukaomba kimchi ya pembeni ili kuiokoa. Na hapo ndo nikaambiwa dola 4.

Jamani. Migahawa ya Kikorea ya kawaida, hiyohiyo iliyo mtaa huohuo, ukikaa tu kabla hata hujaagiza unaletewa vibakuli, kimchi, mchicha wa ufuta, machipukizi ya maharage, viazi vya soya, keki za samaki, bure, na vikiisha unaomba tena wanaongeza. Hivyo ndo wanavyokukaribisha, ukivitoa huyo mgeni ameketi kwenye meza tupu. Naelewa branchi ni biashara nyingine, kodi ya pango Koreatown imepanda, kabichi sio bure na mtu wa kuisugua chumvi hafanyi kwa sadaka. Sawa. Ila kibakuli chenyewe kilikuwa vipande sita vya kimchi, nimevihesabu, na ilikuwa kimchi changa ile ya kung'aa, wakati ile nzee tamu iko jikoni kwenye wali. Kama unauza uza ile nzuri.

TOSTI. Mkate mnene wa maziwa wa Kikorea umeloweshwa kwenye maziwa na mayai, umekaangwa, umefunikwa na unga wa soya iliyokaangwa mpaka hauonekani, juu aiskrimu ya vanila na vipande vya keki ya mchele vinavyonata. Dola 18. Inapendeza, ndio, ikiwa pale dirishani kwenye mwanga inapendeza sana, na unaona kabisa kila meza watu wanasimama juu ya viti kuipiga. Unga wa soya harufu yake ni nzuri, kama karanga zilizokaangwa, lakini ni mkavu, na uko mwingi, ukivuta pumzi wakati unapeleka uma mdomoni unakohoa, shemeji alikohoa mpaka meza ya jirani wakamletea maji. Ndani mkate ulikuwa baridi katikati. Baada ya vijiko vitatu aiskrimu imeyeyuka, unga umekuwa tope, na kila kitu kina ladha ileile ya sukari. Wangetia chumvi kidogo tu ingebadilika. Kuna meza nzima ya wadada waliagiza mbili na waliondoka zote zikiwa zimebaki zaidi ya nusu. Nadhani wenye mgahawa wanajua, ila ndo inayowaletea watu mlangoni, utawalaumu vipi.

Vinywaji kwa kifupi. Kahawa ya krimu dola 8, kahawa nyeusi baridi chini, krimu nene yenye chumvi kidogo juu, hupewi mrija na usiombe, kunywa moja kwa moja ili vyote viwili vifike mdomoni pamoja, nzuri kweli. Kuna kinywaji cha unga wa nafaka mchanganyiko zilizokaangwa, na maziwa na asali na barafu, yaani unga wa lishe wa baridi, mtu akitaka kushiba bila kula aagize hicho. Chai ya shayiri ni bure, inawekwa mezani kwenye chupa, nayo ndo ilituokoa kwenye tosti.

Kwa wasiokula nguruwe na wasiotaka kilevi kwenye chakula, someni hapa vizuri manake menyu haisemi. Shemeji ndo alikuwa mkaguzi wetu. Bekoni ni ya nguruwe, Spam ni ya nguruwe, na kikaango kinachokaanga Spam ndicho kinachokaanga wali, ila ukiomba wanatumia kingine, dada alienda jikoni kuuliza akarudi na jibu badala ya kutubabaisha, nilimpenda kwa hilo. Kimchi haina nyama lakini mara nyingi ina sosi ya samaki au uduvi wa chumvi, kwa hiyo asiyekula nyama kabisa naye asidhani ni kabichi tupu. Gochujangi za dukani nyingi zinatiwa pombe kidogo ili zisiendelee kuchachuka, ziko za halali lakini lazima uulize ni chupa gani wanatumia, na nyama za Kikorea wapishi wengine wanaziloweka na mvinyo wa mchele. Hapa walisema galbi yao haina mvinyo, gochujangi hawakuwa na uhakika, wakatuonyesha ndoo yenyewe tusome, na pombe ilikuwemo kwenye orodha ya viungo. Shemeji akala wali bila Spam bila sosi na akasema ameshiba na roho imetulia. Mwenye shida na ngano naye ajue soya sosi ina ngano na gochujangi nyingi zinayo.

Huduma sina tatizo nayo ukitoa pale nje. Dada mmoja anazunguka meza zote, mchangamfu, hakukimbizi, maji yanajazwa bila kuomba. Kule jikoni kuna mama mmoja mtu mzima wa Kikorea, nywele amezifunga kitambaa, yeye kazi yake ni kikaango cha wali tu, haangalii mtu. Vijana wengine wanapika vitu vyenye maua na unga wanapangusa kingo za sahani na vitambaa, yeye anapiga yai, anageuza wali, anasukuma kikaango mbele, basi. Nikimwangalia nikaelewa kwa nini wali ndo sahani bora pale ndani.

Hesabu sasa, kwa wanaopenda kujua kabla hawajatoka nyumbani. Wali 19, kuku 22, benedikti 26, tosti 18, kahawa mbili 16, kimchi 4, jumla dola 105. Halafu kuna ada ya asilimia 4 ya mgahawa, imeandikwa chini ya menyu kwa maandishi madogo, wakati sheria ya California inataka ionekane wazi, hiyo ni 4.20. Kodi ya mauzo ya Los Angeles asilimia 9.75, ikafika 119.85. Kisha unageuziwa tableti na tipu, inaanza na asilimia 20, 22, 25, na ya kuandika mwenyewe imefichwa chini. Tuliandika 18 kwenye ile 105, ikawa 18.90, jumla kuu dola 138.75 kwa watu watatu. Kwa California wahudumu wanalipwa kima cha chini kamili kabla ya tipu, sio kama majimbo mengine ambako tipu ndo mshahara wenyewe, kwa hiyo msikubali kuonewa haya na tableti, ila yule dada alistahili. Ile asilimia 4 ndo sikuipenda, kama gharama zimepanda pandisha bei ya wali uweke 20 tujue moja.

Kuhusu wazo lenyewe la kuchanganya, kuna watu wanalikejeli wanasema sio Kikorea halisi. Mi hapo siko nao. Los Angeles ndo mji wenye Wakorea wengi kuliko yote Marekani, wengi familia zao zilikuja baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, watoto wamekulia kwenye kimchi ya mama na mayai ya shuleni, wataacha kuchanganya kwa sababu gani. Mpishi Roy Choi alianza mwaka 2008 kuzungusha gari lake la Kogi humuhumu mjini anauza nyama ya Kikorea ndani ya taco, vile vichapati vya Kimeksiko vya kufungia nyama, watu wakapanga foleni usiku wa manane, na zile taco zilifanya kazi kwa sababu hiyohiyo ninayosema, nyama tamu, saladi chachu, pilipili, chapati ya mahindi, kila kitu na kazi yake. Kimgahawa hiki kina sahani mbili zinazojua hilo na mbili ambazo hazijui.

Mkiwa wawili agizeni wali mmoja na kuku mmoja, kahawa ya krimu moja mshirikiane, ombeni figili za ziada, hizo hawatozi. Mkiwa watatu ongezeni wali wa pili, sio benedikti. Nendeni siku ya kazi kama mnaweza, au Jumamosi wanapofungua saa tatu asubuhi kabla watu wa picha hawajaamka. Jikoni wanaacha kupokea oda saa nane na robo mchana, ingawa mlangoni wameandika saa tisa, na Jumatatu hawafungui.